Zizi la mbio: Kila farasi na hesabu yake

SAA kumi na moja alfajiri, kabla magari hayajaanza kusongamana kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, taa huwa tayari zimewashwa katika mazizi ya farasi wa mbio. Masaisi wanapita banda hadi banda, mmoja amebeba ndoo, mwingine reki na toroli. Hakuna farasi anayetolewa nje bado. Kwanza mkufunzi anataka kujua nani amekula na nani amebakisha.

Ndoo iliyorambwa ikang'aa ni habari njema. Ndoo yenye chakula nusu ni swali linalohitaji jibu kabla jua halijachomoza. Farasi ana homa? Jino linamuuma? Alikimbizwa kupita kiasi juzi? Au tumbo limeanza kumsokota? Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaielewa hali hiyo vyema, kwa sababu naye hutambua ugonjwa kwenye hori na kwenye mtungi wa maziwa kabla ya kumwita daktari.

Tofauti ni kwamba ng'ombe hulipa kila siku anapokamuliwa. Farasi wa mbio hula kila siku, lakini hulipa siku chache tu kwa mwaka, na wengine hawalipi kamwe. Ndiyo maana mkufunzi hulazimika kutoa hesabu ya kila farasi aliye zizini kwa wenye mali: huyu yuko tayari, huyu anahitaji miezi mitatu, huyu apumzishwe, na huyu ni afadhali auzwe. Hesabu hiyo ikiwa na uongo, hasara humfikia mwenye farasi, saisi, na hata mkulima anayeleta nyasi.

Mbio za farasi zimekuwepo Kenya kwa zaidi ya miaka 100, na uwanja wa Ngong umetumika tangu 1954. Wengi wanaufahamu kwa sababu ya tiketi za kamari na jukwaa la watazamaji. Wachache wanajua kwamba nyuma ya jukwaa hilo kuna ufugaji wenye kanuni kali kuliko mwingi unaofanywa nchini, na kuna mengi ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo anaweza kujifunza humo.

Mguu kwanza, jina baadaye

Baada ya ndoo, mkufunzi huinama. Hupitisha kiganja chake nyuma ya mguu wa mbele, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kwato, kisha hulinganisha na mguu wa pili. Anatafuta joto, uvimbe, au mahali ambapo farasi atashtuka akiguswa. Kazi hiyo hufanywa asubuhi na kurudiwa jioni, kila siku, kwa kila farasi.

Kipimajoto nacho hakikosekani. Farasi mwenye afya huwa na nyuzijoto kati ya 37.5 na 38.5. Akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, ilhali katikati ya mbio unaweza kupita mara 220. Farasi ambaye moyo wake unakawia kushuka baada ya mazoezi anamwambia mkufunzi kwamba hajawa tayari, hata kama manyoya yake yanang'aa na mwenyewe anamwona mzuri.

Mzigo wa miguu hiyo si mdogo. Farasi wa mbio huwa na uzito wa takriban kilo 450 hadi 500, na anapokimbia kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa kuna wakati uzito wote huo, pamoja na wa mpandaji, huegemea mguu mmoja. Kano iliyo nyuma ya mguu wa mbele ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ikichanika, mguu huvimba kwa nyuma na kupinda kama upinde.

Kano haiponi kama ngozi. Damu inayoifikia ni kidogo, na kwa kawaida huchukua miezi tisa hadi 12, au zaidi, kabla ya farasi kurudishwa kazini. Hata akirudi, huweza kuumia pale pale. Kwa hivyo joto dogo linaloguswa alfajiri moja laweza kuwa na thamani ya mwaka mzima wa chakula. Mkufunzi akilipuuza kwa sababu Jumapili kuna mbio kubwa, huenda akapata zawadi moja na kupoteza farasi.

Makundi matano zizini

Ukizunguka zizi lolote la mbio, wakubwa kwa wadogo, utakuta farasi wanaangukia katika makundi yasiyozidi matano. Kila kundi lina matumaini yake na hatari yake.

La kwanza ni la farasi mwenye jina. Huyu ameshinda na magazeti yamemwandika. Mgeni angedhani ndiye rahisi kutabiriwa, kumbe ndiye mgumu. Katika mbio nyingi za kawaida, farasi hawabebi uzito sawa. Afisa maalumu hupima uwezo wa kila mmoja na kumpangia mzigo ili wote wawe na nafasi, na anayeshinda huongezewa risasi ndani ya tandiko.

Mzigo huo bado huhesabiwa kwa ratili katika nchi kadhaa, na ratili moja ni karibu kilo 0.45. Kanuni ya zamani inasema kwamba katika mbio za mita 1,600, ratili mbili ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Katika mbio fupi za mita 1,000 ni kama ratili tatu. Kwa hivyo farasi aliyeshinda kwa urefu wa farasi watatu katika mita 1,600 anaweza kuongezewa ratili sita, yaani kilo 2.7. Akikutana tena na yule aliyemshinda, kwa hesabu ya karatasi wanafika pamoja.

Mkufunzi wa farasi kama huyo ana njia mbili. Ampeleke kwenye mbio kubwa ambako farasi wa rika moja hubeba uzito ulio sawa, akijua kwamba huko atakutana na wenzake wenye nguvu. Au akubali mzigo na asimlaumu mnyama akimaliza wa nne. Kosa ni kumwahidi mwenye farasi kwamba ushindi wa jana utajirudia kesho.

La pili ni la farasi anayepanda. Huyu hajashinda kikubwa, lakini kila mara anamaliza karibu zaidi, anakula vizuri na hajaonyesha mwisho wa uwezo wake. Mzigo wake bado ni mwepesi. Mkufunzi mwenye busara hupenda kundi hili kuliko lolote, na humchagulia farasi kama huyo mbio kwa uangalifu: umbali unaomfaa, ardhi isiyo ngumu sana, na joki asiyependa kutumia mjeledi ovyo.

La tatu ni la asiyewahi kushinda. Kabla ya kumkatia tamaa, mkufunzi hubadilisha jambo moja moja. Aliyechoka mita 200 za mwisho hupelekwa mbio fupi. Aliyekuwa akianza kukimbia wenzake wanapomaliza hupelekwa mbio ndefu. Anayetazama watu jukwaani huwekewa vifuniko kando ya macho ili aone mbele tu. Dume linalopigana na kupiga kelele badala ya kufanya kazi laweza kuhasiwa, na wengi hutulia baada ya hapo. Mkufunzi anayebadilisha mambo matano kwa siku moja hatajua ni lipi lililosaidia, sawa na mkulima anayeweka mbolea mpya, mbegu mpya na dawa mpya katika shamba moja kwa msimu mmoja.

La nne ni la mzee. Mara nyingi ni maksai wa miaka minane au tisa, ambaye uwezo wake unajulikana na kila mtu. Hatashinda mbio kubwa, lakini anapata nafasi ya pili hapa na ya tatu pale, na anazoa pesa za kulipia nyasi zake. Kila anaposhindwa, mzigo wake hupunguzwa, hadi siku moja anajikuta mwepesi kiasi cha kushinda tena. Sheria za mbio hata hivyo ni kali: kila farasi lazima akimbizwe kwa nguvu zake zote. Mkufunzi anayemzuia farasi kusudi ili apunguziwe mzigo anahatarisha leseni yake.

La mwisho ni la mtoto. Farasi wa miaka miwili ana mwili wa kuvutia, lakini mifupa yake haijakomaa. Farasi hufikia utu uzima kati ya miaka minne na mitano. Akiharakishwa, mfupa wa mbele ya mguu hupata maumivu na wakati mwingine nyufa. Hapa haraka haraka haina baraka kwa maana yake kamili. Jambo gumu ni kwamba mwenye farasi amemlisha kwa miaka miwili bila kuona senti, na ana hamu ya kumwona uwanjani.

Wiki 12 za 1926

Mfano mmoja mashuhuri wa hesabu hiyo ngumu ulitokea Kenya yenyewe. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mnamo 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto na kulelewa Njoro, kwenye shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa akifuga na kufunza farasi. Shamba lilipofilisika baada ya ukame na baba akaondoka kwenda Peru, binti huyo alichukua leseni ya ukufunzi akiwa bado kijana na kuanza kazi Molo. Aliyemsaidia alikuwa arap Ruta, rafiki yake wa utotoni.

Katika kitabu chake, West with the Night, kilichotoka 1942, Markham anasimulia jinsi alivyokuwa akimwandaa dume aitwaye Wrack kwa mbio za St Leger za Nairobi. Wiki 12 kabla ya mbio, mwenye farasi alimwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Miezi ya kazi ikaenda na mnyama huyo.

Aliyebaki kutegemewa alikuwa mtamba aitwaye Wise Child. Alikuwa na damu nzuri na moyo wa mbio, lakini kano zake za miguu zilikuwa zimeumia awali. Mkufunzi yeyote anaona shida iliyokuwepo. Farasi akifanyishwa kazi kidogo, hatakuwa na pumzi ya kumaliza mbio ndefu. Akifanyishwa nyingi, kano zitakatika kabla ya siku yenyewe kufika. Wiki 12 hazikuruhusu kukosea upande wowote.

Wise Child alifika siku ya mbio akiwa mzima, joki wake akiwa Sonny Bumpus, na akashinda Wrack akiwa miongoni mwa walioachwa nyuma. Kwa masimulizi ya Markham, miguu ilikuwa imeanza kumsaliti mtamba huyo kabla ya utepe, lakini hakupunguza mwendo.

Watu hukumbuka ushindi. Mkufunzi husoma hadithi hiyo kwa jicho lingine: miguu ile ingekatika mita 300 kabla, leo ingesimuliwa kama hadithi ya binti asiyejua kazi aliyemharibu mtamba wa watu. Markham alipata umaarufu zaidi mwaka wa 1936 aliporuka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuvuka Bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi. Baadaye alirudi Kenya, akafunza farasi tena kwa miaka mingi, na akafariki Nairobi mwaka wa 1986.

Siku moja mbaya si hukumu

Je, farasi akishindwa vibaya, aondolewe? Zizi la Ballydoyle nchini Ireland, linaloendeshwa na Aidan O'Brien tangu 1996, limetoa jibu mara mbili mfululizo katika miaka ya karibuni.

Mnamo Mei 2023, dume aitwaye Auguste Rodin alipelekwa kwenye mbio za 2000 Guineas huko Newmarket, Uingereza, akitarajiwa makuu. Alimaliza wa 12 kati ya farasi 14. Wiki nne baadaye alishinda Derby ya Epsom, kisha Derby ya Ireland. Mwezi Julai huo huo akawa wa mwisho huko Ascot. Septemba akashinda tena nyumbani, na Novemba akashinda mbio za Breeders' Cup Turf nchini Marekani.

Mwaka uliofuata, City of Troy alimaliza wa tisa katika Guineas hiyo hiyo. O'Brien alijilaumu hadharani kwamba maandalizi ndiyo yalikuwa na kasoro, si farasi. Juni 2024 City of Troy alishinda Derby ya Epsom, na baadaye akashinda huko Sandown na York. Novemba alipelekwa California kwenye mchanga, ardhi ambayo hakuwahi kushindania, akamaliza wa nane na kustaafishwa akazalishe.

Katika visa vyote viwili mkufunzi hakusema tu "tusubiri". Alikuwa na sababu. Alijua farasi wake walivyofanya kazi nyumbani na umri wao, na alijua umbali wa Derby, ambao ni zaidi ya mita 2,400, ungewafaa kuliko mita 1,600 za Guineas. Uvumilivu usio na sababu iliyoandikwa ni kupoteza chakula. Tena Ballydoyle ni zizi lenye matajiri nyuma yake. Mwenye farasi mmoja tu hawezi kungoja kwa urefu huo.

Ukweli na bili ya mwezi

Mapato ya mkufunzi hutoka sehemu mbili: ada ya matunzo inayolipwa na mwenye farasi, na sehemu ya zawadi. Katika nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Australia, mkufunzi huchukua asilimia 10 ya zawadi ya ushindi, na joki naye ana fungu lake.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, si bei ya soko. Tuseme matunzo ya farasi mmoja ni Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh480,000. Tuseme zawadi ya mshindi ni Sh100,000, mkufunzi anachukua asilimia 10 na joki asilimia 10, mwenye farasi anabaki na Sh80,000. Ili arudishe gharama bila faida yoyote, farasi wake lazima ashinde mara sita kwa mwaka. Farasi anayekimbia kila baada ya wiki nne atapata kama mbio 12 au 13. Ni farasi gani anayeshinda nusu ya mbio zake? Ni wachache mno.

Ndiyo maana wengi huingia kwa ushirika, watu wanne au watano wakimiliki farasi mmoja na kugawana bili. Na ndipo jaribu la mkufunzi linapokuja. Kila farasi asiye na matumaini anayebaki zizini anamletea ada ya mwezi. Akisema ukweli kwamba huyu hawezi, banda litabaki tupu na saisi mmoja huenda akakosa kazi. Akinyamaza, atapokea ada kwa miezi sita, kisha mwenye farasi atagundua, aondoke kwa hasira na kuwaambia wenzake wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wakufunzi wanaodumu huonekana kwa jambo hilo. Huwaambia wenye mali mapema, na huwa na njia ya kumtoa farasi kwa heshima. Maksai mtulivu hufundishwa upya awe wa kupandwa na wanaojifunza, au wa polo. Farasi jike mwenye ukoo mzuri hurudi shambani kuzaa. Hapo pia kuna gharama ambayo mfugaji wa ng'ombe haijui: kwa farasi wa ukoo wa mbio, upandishaji wa mirija hauruhusiwi. Lazima jike apelekwe kwa dume, abebe mimba kwa karibu miezi 11, kisha mwana asubiriwe angalau miaka miwili kabla ya kuingia uwanjani.

Soko lililo mlangoni mwa mkulima

Bili hiyo ya mwezi inayomuumiza mwenye farasi ni mapato ya mtu mwingine. Farasi mmoja hula chakula kikavu cha asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani karibu kilo 10. Zizi la farasi 10 linahitaji kilo 100 kila siku, ambazo ni takriban tani tatu kwa mwezi. Tukisema nusu yake ni nyasi kavu, hizo ni zaidi ya tani 18 kwa mwaka, au marobota zaidi ya 1,200 ya kilo 15. Kuna pia lusini, oti, pumba za ngano, molasi, karoti, na maranda ya kutandika chini.

Hata hivyo, mkulima asidhani kwamba robota lililokataliwa na ng'ombe linaweza kuuzwa kwa farasi. Farasi hana matumbo manne, na hawezi kutapika. Chakula kibovu kikiingia hakina njia ya kurudi, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kwa saa chache. Nyasi lazima zikatwe mapema kabla hazijawa miti, zikauke vizuri na zihifadhiwe mahali pasipovuja. Robota lenye vumbi au harufu ya ukungu huharibu mapafu, na farasi asiye na mapafu si farasi wa mbio.

Mambo matatu yafaa kuandikwa ukutani na kila mwenye duka la chakula cha mifugo.

Kwanza, chakula cha kuku au ng'ombe kilichochanganywa na dawa ya monensin ni sumu kwa farasi. Kiasi ambacho ng'ombe hakihisi humharibu farasi moyo na kumuua. Mashine ya kusagia iliyotoka kuchanganya chakula cha kuku isitumiwe kwa cha farasi kabla ya kusafishwa.

Pili, mahindi yenye ukungu ni hatari. Sumu ya aina moja ya ukungu wa mahindi hushambulia ubongo wa farasi, na hakuna tiba.

Tatu, farasi wa mbio hupimwa dawa. Maganda ya kakao yaliyochanganywa kwenye chakula, kwa mfano, huacha dalili inayohesabiwa kuwa dawa iliyopigwa marufuku. Farasi hunyang'anywa ushindi, mkufunzi hushtakiwa, na muuzaji hupoteza mteja milele. Anayetaka biashara hii aweke rekodi ya kila gunia: limetoka wapi, lini, na limechanganywa na nini.

Upande wa pili wa zizi kuna samadi. Farasi hutoa kilo 20 hivi kwa siku, hivyo zizi la farasi 10 hutoa kilo 200, mbali na maranda yanayochanganyika nayo. Wakulima wa uyoga wa vifungo wanaijua thamani yake, kwa kuwa samadi ya farasi iliyochanganywa na majani makavu ya ngano ndiyo mboji yao ya jadi. Wakulima wa mboga nao huitumia baada ya kuiacha ioze. Mazizi mengi huiona kama taka ya kuondolewa, kwa hivyo mwenye gari dogo na bidii ana pa kuanzia.

Adui wa jioni

Hakuna hesabu ya zizi inayokamilika bila kutaja mvua. Mvua zikikatika, wadudu wadogo kuliko mbu huongezeka kwenye matope, na hao ndio hubeba maradhi ya farasi ya Afrika. Ugonjwa huo upo katika sehemu nyingi za bara kusini mwa Sahara. Pundamilia huubeba bila kuugua, lakini farasi akipata aina inayoshambulia mapafu, tisa kati ya 10 wanaweza kufa, wengine ndani ya siku moja ya kuonyesha dalili.

Si tatizo la Afrika peke yake. Mnamo 1987 ulifika Uhispania pamoja na pundamilia walioagizwa kutoka Namibia, na mwaka wa 2020 uliua mamia ya farasi Thailand. Kwa sababu ya ugonjwa huo, kusafirisha farasi kutoka nchi nyingi za Afrika kwenda Ulaya kuna masharti mazito, na mfugaji wa huku hukosa soko ambalo wenzake wanalo.

Kinga ni chanjo kabla ya msimu, na kuwaingiza farasi mabandani kabla ya jua kutua hadi litakapochomoza, kwa kuwa wadudu hao huuma zaidi machweo na mapambazuko. Ndiyo maana, katika miezi hiyo, saisi hufika gizani lakini farasi hutoka mchana umekwisha kupambazuka. Mkufunzi anayeahidi mbio nyingi mara baada ya masika bila kuuliza daftari la chanjo anahesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa.

Daftari la mkufunzi

Mambo yote hayo huishia kwenye daftari. Kila farasi ana ukurasa: uzito wake, alichokula, alichobakisha, siku aliyowekewa viatu na mhunzi, kazi aliyofanya, joto la miguu, mbio aliyokimbia na sababu ya kushinda au kushindwa. Viatu hubadilishwa kila baada ya wiki nne hadi sita. Chanjo na dawa za minyoo zina tarehe zake. Mwenye farasi anapopiga simu kuuliza hali ya mnyama wake, jibu hutoka kwenye ukurasa huo, si kwenye matumaini ya mkufunzi.

Mfugaji mwenye ng'ombe watano au mbuzi 20 anaweza kuanza kesho na daftari la shule. Mnyama gani analipa chakula chake? Yupi anapanda, na yupi ameshuka kwa miezi mitatu mfululizo? Yupi anabaki kwa sababu ya jina la mama yake tu? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ng'ombe aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho mwaka juzi hana ruhusa ya kula bure mwaka huu.

Saa kumi na moja jioni, masaisi hupita tena banda hadi banda na ndoo zao. Mkufunzi huinama tena, kiganja nyuma ya mguu, kutoka goti hadi kwato. Yule mtamba aliyebakisha chakula asubuhi amemaliza cha jioni, na joto lake ni nyuzi 38. Jina lake, lililokuwa limewekewa alama ya kuuliza kwenye orodha ya Jumapili, linabaki na alama hiyo. Atapimwa tena kesho alfajiri, na ndoo ndiyo itakayotangulia kusema.